Kuku Mweusi Aliyenifanya Mganga

Akina mama wa kwaya, nimewasikia. Tangu niliposhuka kwenye basi na kapu lilelile na kuku yuleyule, mnanipitia mmoja mmoja kwa kisingizio cha kuazima chumvi na chekecheo. Mama Sabina ameazima chekecheo mara mbili, na najua analo, tena jipya. Basi naandika yote kwa mkupuo, msomeane baada ya mazoezi, ili uvumi kwamba Mama Kulwa ameacha uzee wa kanisa na kuanza uganga uishie kwenu kabla haujamfikia mchungaji. Ingawa umeshamfikia. Ameniuliza jana mlangoni, huku akijitahidi kutocheka.

Habari za tiketi siandiki, hazina utamu. Naanza na sababu.

Ibadakuli hadi Tinde

Mnamjua mwanangu Doto, pacha wa Kulwa. Huu ni mwaka wake wa nne machimboni, ng'ambo ya Runzewe, upande wa kuelekea Geita. Kazi yake ni kuweka matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisiwaangukie watu. Na duara, kwa ambaye hajalisikia, ni shimo lenyewe la dhahabu. Linakwenda chini mbali kiasi kwamba mtu akiwa ndani unamwona ametoshana na kidole.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu huwa namtumia mstari wa Biblia kwenye simu. Mwanzoni alikuwa akijibu, "Amina mama." Baadaye ikawa "Amina." Baadaye ikawa herufi moja tu, A. Jumatatu ile ikaja hii:

"Shikamoo mama. Alhamisi tunarudi duarani. Matimba siyapendi, lakini mwenye duara anasema kuna mganga anakuja, yeye ndiye ataamua kama tushuke. Usinitumie mistari tena. Huku haishiki."

Haishiki! Miaka yote nimewaambia watoto wa Ibadakuli kwamba imani ndiyo msingi, jengeni hapo, hapatikisiki. Na huyu niliyemzaa mwenyewe ananiambia haishiki, kama gundi ya bei rahisi. Nililia. Nilipomaliza kulia nikakasirika, na nilipomaliza kukasirika nikaanza kufungasha.

Sikumwambia kwamba nakwenda, maana angenikataza. Nikaandika mistari kumi na minne kwenye karatasi ya daftari, nikaipanga kama askari, nikijua nikifika nitamsomea wa kwanza, na wa kumi na nne utamkuta amepiga magoti. Nikafunga matobolwa, maana Doto anavipenda viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa kuliko mkate. Kisha nikaenda bandani kuchukua kuku, kwa kuwa mama hamtembelei mwanawe mikono mitupu. Walikuwepo wawili, mweupe na mweusi. Mweupe alikuwa anataga. Mweusi alikuwa anakula tu. Nikamchukua mweusi, bila kuwaza jambo lolote zaidi ya mayai, na hapo ndipo nilipokosea.

Tinde tulikaa saa mbili kwa sababu ya tairi. Dereva alisema dakika kumi. Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza karanga, kapu kati ya miguu, kuku ametoa kichwa nje anaangalia watu. Tukasalimiana Kisukuma hadi tukamaliza habari za mvua na za ng'ombe. Kisha yule mama akasogea.

"Mama, unakwenda wapi na huyo mweusi?"

"Machimboni. Nina kazi huko."

Akaguna kwa heshima. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe siku hizi harudi nyumbani mapema, na akirudi hasemi. Mimi nikafurahi, nikasema hata Tinde watu wanaona sura yangu wanajua huyu ni mzee wa kanisa. Nikamwambia asigombane naye, awe anaomba kwa utulivu.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni inatosha."

"Na ninakunywa na maji au na uji?"

Nikamwangalia. Nikadhani amechoka na jua. Nikamwambia uji ni mzuri wakati wowote, akanishukuru, "Wabeja, mama, wabeja sana," akanijazia karanga kwenye khanga. Mpaka leo sijui yule baba anarudi saa ngapi.

Tinde hadi Runzewe

Baada ya tairi nikapata jirani mpya, Bwana Salim, mfanyabiashara kutoka Tanga anayepeleka pampu za kuvuta maji kwenye machimbo. Kiswahili chake kimenyooka mpaka cha kwangu kikaona aibu. Aliniamkia vizuri, akalitazama kapu, akahamisha miguu yake upande wa pili.

"Mama, samahani, kuku huyu ni wa kula?"

"Sasa kuku ni wa nini kingine?"

"Nauliza tu. Huku tunakokwenda, kuku mweusi hasafiri bure."

Nikamjibu kwamba hata mimi sikusafiri bure, kondakta ni shahidi. Akacheka, akaacha. Mtu wa watu alikuwa anajaribu kuniokoa, nami namletea utani.

Nikampa tobolwa. Wale ambao hawajakulia huku hawajui kwamba tobolwa halitafunwi kwa haraka. Linahitaji subira na meno ya nyuma. Bwana Salim alianza nalo kabla ya Kahama na akawa bado yuko nalo tulipoiacha Kahama, akiitikia mazungumzo yangu kwa kichwa tu. Alipolimaliza alinipa tende, nami nikala nne kabla hajamaliza kunikaribisha.

Kahama alishuka kuswali. Dereva akawasha gari. Nikasimama mlangoni na kapu langu, nikamwambia kondakta kwamba huyo mzee yuko na Mungu, na kama wanaondoka waniondoe na mimi hapa mlangoni kwanza. Wakamtazama kuku, wakazima gari. Wakati ule nilidhani ni uzito wa hoja yangu.

Tukiendelea na safari nilimwonyesha ujumbe wa Doto. Aliusoma pole pole, akanirudishia simu.

"Anaogopa huyu," akasema. "Mtu asiyeogopa hamwandikii mama yake kwamba matimba hayapendi."

Mimi nilikuwa nimesoma haishiki tu. Sentensi ile ya matimba nilikuwa nimeipita kama kibao cha barabarani. Kutoka hapo mpaka Runzewe sikutamani tena tende.

Runzewe hadi machimboni

Nililala kwa binamu yangu, na asubuhi nikatafuta bodaboda. Nikamkuta baba mmoja wa makamo mwenye koti la mvua juani. Akaniuliza ninakotoka.

"Shinyanga."

"Na unakwenda kwenye duara la Mzee Luhende?"

"Hapohapo. Umejuaje?"

Alimwangalia kuku, akavua kofia, akapiga simu pembeni. Nikasikia, "Nimempata. Anatoka Shinyanga, ndiyo. Mama mtu mzima. Na kuku anaye." Nikajua Kulwa ameshamwambia nduguye kwamba nakuja, maana yule mtoto hajawahi kutunza siri tangu tumboni.

Aliendesha kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa bodaboda. Kila penye shimo aliomba radhi. Njiani akanionyesha mahali palipozungushiwa miti. Akasema ni duara lililoporomoka na kufunika watu, wakatolewa, wengine wazima, wengine hapana. Nikamuuliza kwa nini lilifunika.

"Mama, hayo wewe ndiye unayeyajua," akasema.

Nikashika kapu kwa mikono miwili na kuomba njia nzima, na sikuomba vizuri. Niliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua.

Kwenye duara la Mzee Luhende

Jamani, sijawahi kupokelewa vile, hata siku ya harusi yangu. Wanaume kama ishirini walisimama. Kiti cha plastiki kikaletwa, kikafutwa, kikafutwa tena. Soda ikafunguliwa mbele ya macho yangu. Mzee Luhende mwenyewe, mwenye duara, mtu mnene mwenye kofia ya ngozi, akachuchumaa kidogo kunisalimia.

"Mwangaluka, mama. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

"Unaitwa nani, mama yetu?"

"Mama Kulwa."

Hakuna aliyeshtuka, maana upande wetu kila kaya ya pili ina Kulwa na Doto wake. Nikauliza Doto yuko wapi, wakasema Doto wa matimba yuko porini anakata miti, atarudi. Nikanywa soda yangu. Nikawaza moyoni kwamba kumbe mwanangu amewasimulia watu habari zangu, na hata kama mistari haishiki, mama yake anashika. Kiburi kile bado nakiona kila nikiona soda ya machungwa.

Wakaniomba nivue viatu, maana karibu na mdomo wa duara watu wanakwenda peku. Nikavua. Mzee Luhende akaniambia, "Mama, anza kazi yako." Kwangu mimi kazi ni moja. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kisukuma, nikaombea duara, nikaombea kamba, nikaombea wake zao. Mnajua maombi yangu hayana breki. Nilipofumbua macho niliona baadhi wametikisa vichwa kwa mshangao, na mmoja nyuma akanong'ona kwamba huyu wa leo anatumia njia za kisasa.

Kisha Mzee Luhende akasogea.

"Sasa tuambie, mama. Huyo kuku unamchinjia wapi? Na watu washuke au wasishuke?"

Hapo ndipo kila kitu kilipopangika. Muuza karanga na uji wake. Miguu ya Bwana Salim. Kofia ya bodaboda. Nilikaa na kapu langu mapajani nikasikia masikio yanawaka moto. Mganga waliyekuwa wakimngoja kutoka Shinyanga, mama mtu mzima, walimwona amefika. Walikuwa wamesimama mbele yangu wanasubiri neno moja, na neno hilo wangelitii.

Na hapo hapo Doto akatokea na gogo begani. Alisimama akaniona nimekaa kwenye kiti cha mganga, kuku mweusi mapajani, peku. Nimezaa yule mtoto, najua sura zake zote. Ile ilikuwa mpya.

Sasa niwaambie ukweli, ninyi mnaoniita mama wa imani. Nilitaka kusema uongo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni: msishuke. Lilikuwa neno jema, lingemweka mwanangu juu ya ardhi, na kuku asingenisuta. Nikisema mimi si mganga, mganga wa kweli angefika mchana, na kama angesema shukeni, Doto angeshuka kwenye matimba asiyoyapenda. Nilimwambia Mungu kimya kimya kwamba hii mara moja tu, ataelewa.

Lakini nilimwona Doto ananiangalia. Mtoto huyu aliniandikia kwamba huku haishiki. Nikajua nikisema neno lile, nitakuwa nimemjibu kwamba ni kweli, hata kwa mama yako haishiki, unaona mwenyewe amekaa wapi.

Nikasimama. Kiti kikanifuata kidogo, maana mniwie radhi, mimi si mwembamba.

"Baba zangu," nikasema, "mimi si mganga. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimekuja kumwona mwanangu, huyo hapo mwenye gogo. Kuku ni wa mchuzi."

Mtu akacheka, wengine wakamfuata. Mzee Luhende hakucheka.

"Na soda yetu umekunywa kwa kazi gani?"

"Kwa kiu, baba. Chupa hii hapa."

"Mama, unatuchezea! Watu wanataka kushuka, wewe unatuletea mchuzi?"

"Sijui kama watu washuke," nikamwambia. "Sina ndoto wala dawa. Najua mwanangu ameniandikia kwamba matimba hayapendi. Muulizeni yeye. Yeye ndiye anayeyaweka."

Wakageuka wote. Doto akashusha gogo. Alichukua muda mrefu kulishusha kwa gogo la ukubwa ule.

"Ya katikati yameoza," akasema. "Nimejua wiki nzima."

"Na ulinyamaza?" Mzee Luhende akauliza.

"Nilinyamaza. Nilikuwa nangoja mganga aseme, ili nisiseme mimi. Leo mama angeweza kunisemea, na mngemsikiliza. Amekataa kuwadanganya. Basi na mimi nasema. Sishuki mpaka yabadilishwe, na ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Mchimbaji mmoja akakaa chini. Mwingine akakaa. Punde karibu wote wakawa wamekaa, na Mzee Luhende amesimama peke yake na kofia yake ya ngozi. Alitukana kidogo, kwa Kisukuma, yale ya kistaarabu. Kisha akauliza miti iko mingapi.

Mganga mwenyewe alifika mchana. Hakuwa na kuku hata mmoja. Alikuwa na mkoba, miwani na magoti yanayomuuma kama yangu. Walipomweleza alinitazama juu mpaka chini, akasema nimemharibia safari, kisha akakaa pembeni yangu tukala matobolwa mpaka bodaboda yake ilipokuja. Nilimkaribisha kanisani. Yeye akanikaribisha kwake. Tuliachana hivyo.

Mdomoni mwa duara

Walibadilisha matimba siku ile, na Ijumaa, na Jumamosi. Moja la zamani lilipopandishwa Doto aliniita, akabonyeza kwa dole gumba. Dole liliingia mpaka kwenye kucha na zaidi.

Jumapili tulisali watu saba chini ya turubai, mmoja wao akiwa ni mpishi aliyekuwa anapita. Jumatatu asubuhi wakajiandaa kushuka. Mimi nilikuwa nimeketi peku karibu na mdomo, Doto ameshavaa kofia yake ngumu na kushika kamba. Akageuka.

"Mama, leo hujanipa mstari."

Nilikimbilia kapu. Karatasi ya mistari kumi na minne ilikuwa humo tangu Ibadakuli, pamoja na kuku, na kuku alikuwa amekaa juu yake siku zote hizo na kufanya yote ambayo kuku hufanya. Haukusomeka hata mmoja.

"Basi sema wa kichwani," akasema.

Akina mama, mimi niliyewafundisha watoto wenu kukariri, sikukumbuka hata mmoja. Ule wa mjenzi na mwamba, ambao hata mtoto wa miaka mitano anauimba, ulikimbia.

"Mungu yuko na wewe," nikasema mwisho. "Na mimi niko hapa. Siondoki."

"Huo uko sura ya ngapi?" Doto akauliza, na wenzake wakacheka. Kisha akasema, "Amina, mama," neno zima, herufi zote, akashuka.

Nilikaa pale mpaka saa tisa. Sikuwa na uhakika kwamba atapanda. Watu wanadhani imani ni kuwa na uhakika huo. Nilitetemeka, nikaomba, nikasahau nimeomba nini, nikaanza upya. Lakini chini ya kutetemeka kote kulikuwa na mahali ambapo hapakutetemeka, nami nilikaa hapo. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo, na mchungaji akiweza, anisaidie Jumapili.

Alipanda akiwa tope tupu, na cha kwanza alichouliza ni chakula. Nikasema kuku yupo. Kambi nzima ikakataa kumchinja. Walisema wameelewa kwamba mimi si mganga, wameelewa kabisa, lakini kuku yule hapana. Kwa hiyo tukala maharage, na kuku akarudi nami Shinyanga, akiwa amenenepa kwa mahindi ya wachimbaji. Sasa anataga. Mweupe ameacha.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nilitaka kuwaandikia mengine kuhusu msingi na mafundisho, lakini simu imelia hapa mezani. Ni Doto. Ameandika:

"Mama, saa kumi na mbili na nusu imepita. Wenzangu wameshashika kamba. Nakusubiri."

Niacheni kwanza, nitafute miwani.